Waliozama nao wahesabiwe: uchambuzi wa kisa cha mtoto kiziwi aliyekuwa akizimia

Kisa hiki ni cha familia moja ya mwambao wa Ziwa Victoria, mkoani Mwanza. Nimebadili umri, mpangilio wa watoto na baadhi ya mambo ya nyumbani, na sitataja kijiji, shule wala hospitali. Wazazi walisomewa maandishi haya kwa sauti wakakubali yatoke. Mama aliomba jambo moja tu: "Andika kwamba hatukurogwa." Nimeandika.

## Usuli

Mtoto nitamwita M. Nilipomwona mara ya kwanza alikuwa na miaka saba. Ni kiziwi tangu kuzaliwa. Alisoma mjini, katika shule ya msingi yenye darasa la viziwi, akiishi kwa shangazi yake; likizo zikifika anarudi kijijini, ambako baba yake ana mitumbwi miwili ya dagaa na mama anaanika na kuuza pale pale mwaloni.

Alikuja na barua ya rufaa ya mistari minne: kifafa tangu miaka minne, yuko kwenye fenobabitoni (dawa ya kifafa), degedege haziishi, ni kiziwi. Foleni ya siku ile ilifika hadi nje ya geti. Nikamuuliza mama kama kuna mwenye kifafa katika familia, akasema hapana. Nikauliza kama kuna mwenye ugonjwa wa moyo, presha au kisukari, akasema hapana. Nikaandika kwenye faili: "Historia ya familia: hakuna." Nikapandisha dozi ya fenobabitoni na kumpa tarehe ya kurudi.

Mama hakunidanganya. Aliulizwa juu ya wagonjwa, na nyumbani kwao hapakuwa na mtu aliyewahi kuambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa moyo. Sikuuliza juu ya waliokufa. Sikuuliza yeye na mumewe wana undugu gani. Maswali hayo mawili yangechukua dakika tatu, na ndiyo sababu ya mimi kukaa chini na kuandika.

## Yaliyotokea, kwa mfuatano

Wiki tatu baadaye M. alianguka uwanjani katika mbio za shule. Safari hii aliyemleta hospitali pamoja na mama ni mwalimu wake wa darasa, mkononi ana daftari la hesabu lenye miraba, lililokunjwa katikati. Ndani yake alikuwa ameandika kila mara M. alipoanguka tangu mwaka uanze. Mistari kumi na mmoja. Nanukuu mitatu, kwa ruhusa yake:

"Jumanne saa nne. Wanakimbilia bomba. Ameanguka kama gunia, mweupe midomo. Ametikisika baadaye kidogo. Dakika moja na nusu, ameamka, ananiuliza kiatu chake kiko wapi."

"Ijumaa. Mwenzake amemrukia mgongoni kwa mchezo, hakumwona. Ameanguka hapo hapo."

"Alhamisi. Mbio za kupokezana. Dakika mbili. Nimeogopa."

Kati ya mara kumi na moja, tisa alikuwa anakimbia na mbili alishtuliwa. Hakuna hata moja aliyokuwa amelala au ametulia darasani. Na kila mara aliamka na akili zake timamu, akaendelea na alichokuwa anafanya. Mwenye kifafa cha kutikisika mwili mzima kwa kawaida huamka mzito, amechanganyikiwa, anataka kulala. Tena huyu alianza kwa kulegea na kupauka. Mitikisiko ilikuja baadaye, ubongo ulipokosa damu. Daftari lile lilikuwa limeshatofautisha mambo mawili ambayo sisi watu wa afya tulikuwa tumeyachanganya kwa miaka mitatu.

Nilikuwa bado nalisoma mwalimu alipomgeukia mama na kumuuliza kwa upole: "Mama M., yule kaka yake aliyezama, naye si alikuwa darasani kwangu?"

Mama akaitikia kwa kichwa. Mtoto wake wa kwanza, mvulana, kiziwi, alizama akiwa na miaka tisa. Alijua kuogelea kuliko wenzake wote. Alikuwa anashindana nao kwenda na kurudi, maji ya kifuani, akatulia ghafla, uso chini. Wenzake walidhani anafanya mzaha wa kubana pumzi. Watu wa kijiji walisema kachukuliwa na jini la ziwa, na familia ikaondoka na jibu hilo kwa sababu hakuna aliyewapa lingine.

Niligeuza faili, nikaanza kuchora mti wa familia nyuma yake. Mama alikuwa amezaa mara sita. Wa kwanza ndiye huyo aliyezama. Wa pili ni msichana wa miaka kumi na mitatu, anasikia vizuri. Wa tatu alifariki akiwa na miezi minane. Wanasema ilikuwa homa. Wa nne ni M. Wa tano ni mvulana, anasikia. Wa sita alikuwa mgongoni mwa mama wakati ule, msichana wa miezi kumi na minne, na mama alimsifu kuwa ni mtulivu, hasumbuliwi na kelele.

Nikauliza kama yeye na mumewe wana undugu. "Hapana, daktari. Ni binamu tu."

Jibu hilo ni la kweli kabisa kwa namna watu wanavyolitumia neno. Kwa wengi "ndugu" ni wa tumbo moja, au watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Mtoto wa shangazi au wa mjomba ni binamu, na katika baadhi ya koo ndiye mchumba anayefaa kuliko wote, maana tabia ya nyumba yao inajulikana na mali haitoki nje. Hapa baba wa mume na mama wa mke walikuwa kaka na dada wa tumbo moja.

Tulipima umeme wa moyo siku hiyo hiyo. Karatasi ya kipimo hiki hukimbia milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila mraba mdogo ni sekunde 0.04. Kutoka pigo hadi pigo nilihesabu miraba midogo 20, yaani sekunde 0.8, mapigo 75 kwa dakika. Umbali wa QT, ule muda ambao moyo unajikaza kisha kujichaji upya, ulikuwa miraba 12, milisekunde 480. Kwa moyo unaokwenda kati ya mapigo 60 na 100, QT isizidi nusu ya nafasi ya pigo hadi pigo. Hapa nusu ni miraba kumi. Ukigawa 480 kwa kipeuo cha pili cha 0.8, ili kuondoa athari ya kasi ya mapigo, unapata QT iliyorekebishwa ya takriban 537, wakati kwa mtoto tunaanza kuwa na wasiwasi ikivuka 460. Nilirudia kuhesabu kwa rula mara tatu. Muuguzi akahesabu peke yake bila kuona majibu yangu, akapata yale yale.

Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha moyo wenye umbo zuri, vali nzima, misuli ya kawaida. Potasiamu na kalsiamu za damu zilikuwa sawa. Katika jedwali la alama la Schwartz linalotumika kupima uwezekano wa ugonjwa wa QT ndefu ya kuzaliwa, QT iliyorekebishwa ya 480 au zaidi ni alama 3, kuzimia kwenye purukushani ni 2, uziwi wa kuzaliwa ni nusu, na kifo cha ghafla kisichoelezeka cha ndugu wa karibu chini ya miaka 30 ni nusu. M. alipata 6. Alama 3.5 zinatosha kusema uwezekano ni mkubwa.

## Ugonjwa wenyewe

Mwaka 1957 madaktari wawili wa Norwei, Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen, walieleza familia ya watoto sita. Wanne walikuwa viziwi na walikuwa wakizimia, na watatu kati ya hao wanne walikufa ghafla. Ugonjwa ukapewa majina yao. Chanzo chake ni hitilafu katika kinasaba cha KCNQ1 au KCNE1, vinavyotengeneza mlango wa kupitishia potasiamu kwenye chembe. Mlango huo uko moyoni, ambako unasaidia moyo kujichaji baada ya kila pigo, na uko pia ndani kabisa ya sikio, ambako majimaji ya kusikia yanahitaji potasiamu nyingi. Ukikosekana pande zote mbili, mtoto anazaliwa kiziwi na moyo wake unachelewa kujichaji. Akikimbia, akiogelea au akishtuka, homoni ya adrenalini inauharakisha moyo ambao haujawa tayari; unaanza kutetemeka badala ya kusukuma damu, na mtoto anaanguka. Mara nyingi unajirudi wenyewe. Siku usipojirudi, anakufa.

Ugonjwa huu ni nadra sana. Lakini wasiotibiwa, zaidi ya nusu hufa kabla ya kufika miaka 15. Na hauji mpaka mtoto apate nakala mbovu mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja anasikia vizuri na huenda asijue lolote maisha yake yote, ingawa QT yake inaweza kuwa ndefu kidogo.

## Maamuzi na sababu zake

Kwanza tulianza propranololi, dawa inayoukinga moyo dhidi ya adrenalini, dozi ndogo, tukapanda taratibu hadi miligramu 3 kwa kilo kwa siku, ikigawanywa. Tuliuliza pumu kabla ya kuanza, na tukasisitiza mtoto asinyweshwe dawa hii bila kula, maana inaweza kushusha sukari. Fenobabitoni hatukuikata ghafla. Tuliipunguza kwa wiki kadhaa, na ilibidi iondoke pia kwa sababu inalifanya ini livunje propranololi haraka.

Pili, kadi. Dawa nyingi tunazogawa kila siku huirefusha QT zaidi: kwinini, klorokwini, eritromisini, azithromisini, siprofloksasini, flukonazoli, domperidoni, haloperidoli. Dawa mseto ya malaria yenye lumefantrini, ambayo kanda yetu inaitumia kama maji, ina onyo kwa wenye QT ndefu ya kuzaliwa. Tuliandika kadi kwa Kiswahili kikubwa, tukaifunga kwa plastiki: mtoto huyu ana ugonjwa wa moyo, usimpe dawa hizi, piga namba hii kwanza. Mgongoni mwa kadi tuliandika juu ya kuhara na kutapika, kwa sababu potasiamu ikishuka moyo huu unazidi kuwa hatarini: aanze maji ya chumvichumvi mapema na aletwe.

Tatu, ziwa. Kumwambia mtoto wa mwaloni asiogelee ni kumwondoa kwenye kundi lake. Mwalimu ndiye aliyemweleza, kwa alama, na M. alilia kwa hasira, akagonga meza kwa ngumi zote mbili. Tulikubaliana anaweza kukaa kwenye maji ya magotini mtu mzima akiwa hatua moja naye, asishindane, asipige mbizi. Mbio shuleni hapana. Filimbi ya kuanzisha mbio akabidhiwe yeye. Hilo la filimbi lilikuwa wazo la mwalimu. Kisha tuliwafundisha mwalimu, shangazi, mama na dada yake mkubwa kukandamiza kifua: katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Nne, kupima familia nzima, hata wasio na dalili. Hapa sikutaka kusubiri. Yule mdogo wa mgongoni tulimwekea sufuria nyuma yake, tukaliangusha sakafuni. Mimi mwenyewe niliruka. Yeye aliendelea kulamba ganda la embe. Mama aliziba mdomo kwa khanga na hakusema neno kwa muda mrefu. QT ya mdogo iliyorekebishwa ilikuwa zaidi ya 500. Hajawahi kuanguka hata mara moja. Alianza dawa siku ile. Dada mkubwa alikuwa na 472, mvulana wa tano kawaida, na wazazi wote wawili walikuwa mpakani.

Vinasaba havikupimwa, kwa hiyo ninayoyasema yamesimama juu ya uziwi, kuzimia, karatasi za umeme wa moyo na mti wa familia.

Uamuzi wa tano ulikuwa mbaya, nao ni wangu. Majibu yalipokamilika nilimweleza baba kwanza, koridoni, akiwa amesimama na mdogo wake. Nilisema "ni ya kurithi" na "kwa sababu ninyi ni binamu". Nilidhani ninaheshimu utaratibu wa nyumba. Kufika jioni maneno yalishavuka maji: damu ya yule mwanamke ina kasoro. Mama wa M. alikaa kwao siku tisa, na kulikuwa na mazungumzo ya talaka. Ugonjwa huu hauwezi kutoka upande mmoja; ungekuwa umetoka kwake peke yake, M. angekuwa anasikia. Sentensi hiyo ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza kutoka mdomoni mwangu, na ilipaswa kusemwa wote wawili wakiwa wameketi.

## Kikao cha ukoo

Tulivuka kwenda kijijini mimi, muuguzi na mwalimu. Tuliwekewa mkeka barazani, dagaa wakiwa wameanikwa hadi mguuni petu. Walikuwepo baba na mama, baba mkubwa wa ukoo, mjomba, bibi mzaa mama, na wengine waliokuja kusikiliza.

Baba mkubwa aliuliza moja kwa moja: "Kwa hiyo mnatuambia tulikosea kuwaozesha?"

Nilimjibu kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataja ndugu wasioruhusiwa kuoana, na mabinamu hawamo. Dini yao nayo inaruhusu. Hakuna aliyekosea na hakuna laana. Nilimweleza kwamba kila mtu barazani pale, mimi nikiwemo, amebeba nakala kadhaa mbovu asizozijua, na hazimdhuru kwa sababu ana nakala ya pili iliyo nzima. Nikaanza kueleza kwa herufi kubwa na ndogo kwenye daftari, kama nilivyofundishwa chuoni, na nikaona macho yakihama kwenda ziwani.

Baba wa M. ndiye aliyeninusuru. Aliinuka, akarudi na vipande viwili vya wavu wa dagaa. Akavitandaza kimoja juu ya kingine. "Huu una tundu hapa," akapitisha kidole, "lakini wa chini mzima, dagaa hatoki. Mtu ana nyavu mbili. Sasa mimi na mama M. nyavu zetu zilitoka kwa fundi mmoja, babu yetu. Tundu liko pale pale." Akapanga matundu mawili yakutane, akapitisha ngumi nzima. "Mtoto akipata huu wangu wenye tundu na huu wa mwenzangu wenye tundu, ndiyo M. Hakuna wavu wa nani mbaya. Ni matundu yamekutana."

Nimeitumia nyavu hiyo na familia nyingine tangu siku ile, na kila mara nasema niliipata kwa mvuvi.

Nikaongeza hesabu juu yake. Kwa mama na baba hawa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kukutanisha matundu, na kila mimba inaanza upya. Kuwa na watatu wagonjwa hakumlindi wa nne. Lakini kwa mabinamu kwa ujumla hali si hiyo. Utafiti wa Bradford, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013 juu ya watoto zaidi ya 11,000, ulionyesha kuwa kasoro za kuzaliwa hupanda kutoka takriban asilimia 3 hadi takriban 6 wazazi wakiwa mabinamu. Moyo ni miongoni mwa viungo vinavyoguswa sana. Ni mara mbili, na si jambo la kupuuza. Lakini pia ni watoto 94 kati ya 100 wanaozaliwa bila kasoro hizo. Mabinamu wa kwanza wanashirikiana moja ya nane ya vinasaba vyao. Ndoa za ndani ya ukoo zikirudiwa kizazi hadi kizazi, fungu hilo linakua, na ndiyo maana ni lazima kuuliza pia kama babu na bibi nao walikuwa ndugu.

Mjomba akauliza kuhusu yule dada mkubwa, kwa sababu tayari kulikuwa na minong'ono ya binamu wa kumuoa akikua. Sikumkataza mtu. Nilisema kabla ya mahari kupokelewa, kijana huyo naye apimwe umeme wa moyo. Na msichana mwenyewe, mwenye 472, aikwepe orodha ile ile ya dawa.

Mama wa M. hakusema kitu kikao kizima. Tulipoinuka alimkabidhi muuguzi dagaa kilo mbili kwenye mfuko wa rambo, akamwambia, "Basi hata yule mwanangu ziwa halikumtaka."

## Matokeo

Miezi kumi na minne imepita. M. ameanguka mara moja. Dawa ziliisha kijijini wakati wa upepo mkali, mitumbwi haikuvuka, na duka la dawa la karibu halikuwa na propranololi. Siku ya tano alianguka akivuta dumu la maji. Dada yake alimkandamiza kifua hadi akafungua macho. Kuacha dawa hizi ghafla ni hatari kuliko watu wanavyodhani, na mimi nilikuwa nimewapa za mwezi kamili, bila hata siku moja ya akiba. Sasa dawa zinakaa sehemu mbili, kwa shangazi na kijijini, na za ziada za wiki tatu hazifunguliwi mpaka nyingine zifike.

Mdogo wake hajawahi kuzimia. Aliugua malaria mara moja. Mhudumu wa zahanati aliisoma kadi, akapiga simu kabla ya kufungua dawa mseto, mtoto akalazwa na kutibiwa kwa dawa nyingine chini ya uangalizi wa daktari wa watoto.

Kwa ugonjwa huu propranololi peke yake haitoshi kwa wote. Baadhi ya watoto huendelea kuanguka hata wakiinywa vizuri, na huhitaji kifaa cha kupachikwa kinachoushtua moyo ukitetemeka, au upasuaji wa neva za upande wa kushoto. M. ameshapelekwa Dar es Salaam mara mbili kwa wataalamu wa moyo. Ninapoandika haya, kifaa hakijawekwa na nauli ya safari ya tatu inachangishwa. Wazazi wanaishi pamoja.

## Uchambuzi

Kilichofaa kuliko vyote ni daftari la mwalimu. Mtu asiye na cheti cha afya aliandika saa, kilichokuwa kikitokea kabla, rangi ya midomo na muda wa kuamka. Nawaomba wenzangu wa kliniki za kifafa: mtoto anayeanguka akikimbia, akiogelea au akishtuka, mpimeni umeme wa moyo kabla ya kupandisha dozi. Akiwa kiziwi wa kuzaliwa, msimruhusu aende nyumbani bila kipimo hicho. Karatasi yake ni bei ya chupa mbili za soda.

Kilichoharibika kilianza na namna ya kuuliza. "Kuna mwenye ugonjwa wa moyo nyumbani?" ni swali linalofaa mahali ambapo kila mtu amewahi kupimwa. Kwetu, wengi wanaokufa kwa moyo hawafi na jina hilo. Wanakufa "kwa kuzama", "kwa kuanguka bafuni", "kwa presha ya ghafla", "alilala hakuamka", "alipigwa na kitu kibaya". Siku hizi nauliza hivi: nani katika ukoo alikufa kabla ya kuzeeka, na alikuwa anafanya nini dakika ile? Nani alizama ilhali anajua kuogelea? Kuna watoto wachanga waliopotea? Kuna viziwi? Katika jedwali la Schwartz kifo cha kaka yake M. kina nusu alama tu, lakini bila nusu hiyo nisingeifikia ile mashine.

Neno "undugu" nalo nimeliacha. Nawaomba wazazi wote wawili wanitajie majina ya babu zao, wa kuumeni na wa kukeni. Wasio na uhusiano watataja wanne. Mabinamu wa kwanza watataja watatu, na wenyewe watacheka wakigundua. Hakuna anayejisikia kushtakiwa kwa kutaja jina la babu yake.

Nahofia msomaji aondoke akidhani historia ya familia ni jambo la waliooana ndani ya ukoo tu. Unene wa misuli ya moyo wa kurithi, ambao humpata takriban mtu 1 kati ya 500 na huua vijana viwanjani, unahitaji nakala mbovu moja: mzazi mwenye nao ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kumpa kila mtoto, hata kama mwenzake ametoka upande mwingine wa dunia. Baba au kaka aliyepata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, anaongeza hatari ya mishipa ya moyo kwa waliobaki, nao waangalie presha, sukari, mafuta na sigara mapema. Na si kila kinachojirudia nyumbani kiko kwenye damu. Ugonjwa wa vali unaotokana na homa ya baridi yabisi hupata watoto wawili wa nyumba moja kwa sababu wanalala chumba kimoja na kuambukizana koo. Hapo dawa ni penisilini na nafasi ya kulala, na kuwauliza wazazi undugu hakutawasaidia.

Kuhusu yule wa miezi minane, sitaki kumdai. Huenda ilikuwa kweli homa. Kwenye mti nimemwekea alama ya kuuliza.

Mti huo uko mwanzoni mwa faili sasa. Mara ya mwisho walipokuja kliniki, bibi mzaa mama alifuatana nao. Aliomba karatasi, akaivuta karibu na jicho lake linaloona, akafuata mistari kwa kucha hadi juu, walipo wazazi wake, yaani babu na bibi ambao mume na mke hawa wanawashiriki. "Hawa nao walikuwa watoto wa ndugu," alisema. Halafu akaweka kidole pembeni ya jina lake mwenyewe, mahali palipo patupu. "Na hapa hujamwandika mdogo wangu. Alikuwa hasikii. Alianguka akikimbiza mbuzi, hajafika kuota meno ya pili."

Nikachukua kalamu, nikamuuliza jina.